Maswali ya Wasomaji: Kuhamisha Vichwa vya Dizeli kutoka OO kwenda EM na P4

Barua za toleo hili karibu zote zinatoka kwa wasomaji wenye modeli za dizeli za Uingereza wanaotaka kuachana na njia ya mm 16.5, iitwayo OO, na kuhamia viwango vya njia pana zaidi, EM na P4. Tumezijibu pamoja kwa sababu jibu la mmoja linamfaa mwingine.

Swali: Ndugu wahariri, nina vichwa vinne vya dizeli vya OO. Nasikia mara EM, mara P4, na kila mtu anavutia kwake. Tofauti hasa ni nini, na mwenye dizeli achague ipi?
— Msomaji wa vichwa vinne

Jibu: Modeli zako zimejengwa kwa skeli ya milimita 4 kwa futi, yaani 1:76.2. Reli halisi za Uingereza zina upana wa futi 4 na inchi 8½, ambao kwa skeli hiyo unakuwa mm 18.83. OO inatumia mm 16.5, upana ulioazimwa kutoka HO, ambayo skeli yake ni mm 3.5 kwa futi. Kwa hiyo bodi ya kichwa chako ni ya skeli moja na njia inayokibeba ni ya skeli nyingine. Ukizirudisha mm 16.5 kwenye vipimo halisi unapata futi 4 na inchi 1½: inchi 7 nzima zimepotea. Kwenye dizeli upungufu huu hauna pa kujificha. Kitazame kichwa kwa mbele, jicho likiwa usawa wa reli, utaona magurudumu yamebanana katikati na pengo tupu kati yao na fremu za bogi (kigari cha chini kinachobeba magurudumu na kugeuka mkunjoni).

EM ilianza na milimita 18 (kwa Kiingereza Eighteen Millimetre), ndiko jina lilikotoka, na leo ni mm 18.2. P4, iliyobuniwa katika miaka ya 1960, inachukua mm 18.83 kamili.

Lakini upana wa njia ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni gurudumu lenyewe. Gurudumu la kawaida la OO la siku hizi, la umbo la RP25/110, lina upana wa mm 2.8 na ukingo (ule mdomo unaoshuka ndani ya reli) wa kina cha mm 0.64. La EM lina upana wa karibu mm 2.3. La P4 ni karibu mm 2, na ukingo wake haufiki mm 0.4. Mifereji ya kupitishia kingo kwenye pointi (mahali njia inapogawanyika) nayo hupungua kwa kufuatana: mm 1.0 kwa EM, mm 0.68 kwa P4. Ndiyo maana treni ya P4 hupita kwenye pointi bila kutumbukia, na ndiyo maana pia haikusamehe ukitandika njia ovyo.

Ushauri wetu ni huu. Ukiwa na mikunjo ya kubana na vichwa vingi vya kubadilisha, chukua EM. Kama unajenga njia yako mwenyewe, una nafasi ya mikunjo yenye nusu kipenyo cha mm 1,000 au zaidi, na unafurahia kupima, nenda P4 moja kwa moja, usipitie EM, kwa sababu utanunua magurudumu mara mbili. Kwa vyovyote vile dizeli ndiyo mlango mzuri wa kuingilia: nyingi hazina fito za kuunganisha magurudumu wala silinda za kugombana na upana mpya.

Swali: Je, naweza kuyavuta tu magurudumu ya kiwandani yakafika upana wa EM, bila kununua mapya?
— Mwenye mfuko mwembamba

Jibu: Kwa EM ndiyo, mara nyingi. Kwa P4 hapana kabisa. Sababu ni moja, na ukiielewa hutahitaji kumuuliza mtu tena.

Kuna kipimo kinachotawala kazi hii yote: umbali kati ya mgongo wa gurudumu la kushoto na mgongo wa gurudumu la kulia. Tuuite nafasi ya migongo. Kwenye pointi, reli ya ulinzi hulishika gurudumu moja kwa mgongo wake ili gurudumu la upande wa pili lisigonge ncha pale reli mbili zinapokutana. Kwa hiyo nafasi ya migongo pamoja na unene wa ukingo mmoja haitakiwi kuzidi umbali kutoka uso wa reli ya ulinzi hadi reli ya upande wa pili. Kwa EM umbali huo ni 18.2 toa 1.0, yaani mm 17.2.

Gurudumu jembamba la EM lina ukingo wa takriban mm 0.7, hivyo nafasi ya migongo ya mm 16.5 inakaa sawasawa. Ukingo wa RP25/110 una unene wa mm 0.76. Ukiuweka kwenye mm 16.5 unapata 17.26, na hizo mm 0.06 za ziada ndizo zitakazogonga ncha kila safari. Basi magurudumu ya kiwandani yawekwe mm 16.4. Usishuke sana chini ya hapo: ikifika mm 16.2 migongo yote miwili inaanza kukwaruza, upande huu kwenye reli ya ulinzi na upande ule kwenye reli ya bawa la pointi.

Kwa P4 umbali huo wa ulinzi ni mm 18.15 na nafasi ya migongo ni kati ya mm 17.67 na 17.75. Ongeza 0.76 uone mwenyewe kwamba haiwezekani.

Namna ya kuvuta inategemea ekseli. Kama ni ekseli mbili fupi zilizochomekwa kwenye mrija wa plastiki wenye gia katikati, kila upande unatoka karibu mm 0.95. Zungusha taratibu huku ukivuta, usipindishe, na uhakikishe angalau mm 3 za chuma zimebaki ndani ya plastiki. Kama ni ekseli moja nzima, sukuma gurudumu nje kwa jiliwa ukitumia kipande cha mrija wa brasi kinachokaa kwenye kitovu tu. Ukilisukuma kwa ukingo, tairi itachomoka kwenye moyo wa plastiki. Gurudumu lililohama makao yake ya kiwandani huweza kulegea. Tone dogo la gundi ya kukazia vyuma kama Loctite 638 linatosha, ila lisiguse plastiki: gundi za namna hiyo huipasua baadhi ya plastiki kimyakimya, na ufa huonekana wiki kadhaa baadaye.

Mwisho pima uso kwa uso. mm 16.4 na magurudumu mawili ya mm 2.8 ni mm 22.0, pana kuliko hata P4 yenyewe. Bogi nyingi zitagusana na magurudumu hayo kwa ndani, na hapo zile pesa ulizookoa unazilipa kwa tupa.

Swali: Nimenunua seti ya magurudumu ya P4 yaliyotengenezwa kwa ajili ya kichwa changu cha Bo-Bo. Sijawahi kufanya kazi hii. Nianzie wapi, nimalizie wapi, na nitaharibu wapi?
— Mwanafunzi mpya

Jibu: Umeanza vizuri kuchagua Bo-Bo: ekseli nne na bogi fupi.

Andaa meza: vernia inayosoma mm 0.01 au 0.02, kipimo cha chuma cha nafasi ya migongo cha mm 17.75, jiliwa dogo lenye taya zilizo sambamba, multimita, bisibisi ndogo, kibanio, washa (pete bapa) zenye tundu la milimita 2, za unene tofauti (mm 0.1, 0.25 na 0.5), na kipande cha kioo bapa chenye urefu wa kuzidi kichwa chako. Kioo si anasa. Ndicho sakafu pekee nyumbani unayoweza kuiamini kwamba imenyooka.

Kabla ya kufungua chochote, pima na uandike: urefu wa vizuizi vya mbele kutoka usawa wa reli (kwa treni za Uingereza katikati ya kizuizi ni futi 3 na inchi 5½, karibu mm 13.8), upana wa ndani kati ya fremu za pembeni za bogi, na kipenyo cha magurudumu ya zamani kwenye sehemu inayokanyaga reli, si kwenye ukingo. Class 25 ina magurudumu ya futi 3 na inchi 9, yaani mm 15. Class 20 ni futi 3 na inchi 7, yaani mm 14.3. Kiwanda kikiwa kimeweka mm 14 pale panapotakiwa 15, kichwa kitapanda mm 0.5 ukibadilisha. Ni vizuri ujue mapema kama ongezeko hilo linakurekebishia urefu au linakuharibia.

Sasa fungua bogi. Nyingi zina kifuniko cha chini kinachoshikwa na vijino vya plastiki au skrubu mbili. Piga picha kabla ya kutoa ekseli, hasa mahali waya na vikusanya umeme vinapopita. Toa ekseli moja moja, uweke kila moja mahali pake kwenye kadi yenye namba.

Kama seti yako imekuja na gia zake, furahi. Kama unatakiwa kuhamisha gia ya zamani, isukume itoke kwa jiliwa, gia ikiwa imelazwa juu ya kipande cha chuma chenye tundu la ekseli, na usiikamate kwa koleo hata kidogo. Jino moja likiumia, kichwa kitagonga kwa kila mzunguko hadi utakapoibadilisha. Kwenye ekseli mpya gia ikae katikati kwa usahihi wa mm 0.1. Pima kutoka kila upande.

Bonyeza magurudumu kwa jiliwa, kipimo cha mm 17.75 kikiwa katikati. Kisha usiamini kipimo peke yake: pima kwa vernia mahali patatu kuzunguka gurudumu. Vipimo vitatu vikilingana, umemaliza. Vikitofautiana kwa zaidi ya mm 0.1, gurudumu limekaa mshazari. Lizungushe robo ya mzunguko juu ya ekseli, libonyeze tena. Likikataa mara ya pili, kagua ekseli kwa kuiviringisha kwenye kioo, kwa sababu iliyopinda huonekana ikirukaruka.

Hapa ndipo wengi huharibu. Nafasi ya migongo imepanuka kutoka mm 14.5 hadi 17.75, kwa hiyo kila upande kuna mm 1.6 tupu kati ya gurudumu na shavu la sanduku la gia. Ukiziacha hivyo, ekseli itacheza huku na huku, gia itasugua, na bogi itatembea mshazari kama kaa. Jaza kwa washa au vipande vya mrija vyenye tundu la milimita 2, ukiacha mchezo wa mm 0.2 hadi 0.3 kwa jumla. Si sifuri: washa zikibana, mota itapata moto na hutajua kwa nini.

Rudisha bogi bila fremu za pembeni, ilaze kwenye kioo, upitishe ukanda mwembamba wa karatasi chini ya kila gurudumu. Pale karatasi inapopita bure, gurudumu linaning'inia. Kwenye Bo-Bo sababu kubwa ni kifuniko kilichofungwa kikiwa kimepinda, au masalia ya plastiki kwenye kiti cha beringi.

Baada ya hapo ndipo fremu za pembeni zirudi. Uso kwa uso P4 ni takriban 17.75 na mara mbili ya 2, yaani mm 21.75. Ongeza mchezo wa ekseli na nafasi ya usalama ya mm 0.2 kila upande, unahitaji karibu mm 22.5 ndani ya fremu. Zikiwa pungufu, kwangua ndani kwa kisu kilicholazwa, mm 0.3 kila upande bila woga. Zaidi ya hapo usikwangue, zitatoboka au zitalegea. Weka ukanda wa plastiki wa mm 0.5 kwenye maungio ya fremu uisogeze nje.

Acha kichwa kikimbie bila bodi, nusu saa kila upande, mwendo wa kati. Tone moja la mafuta laini kwenye kila beringi, na grisi isiyodhuru plastiki kwenye gia. Mafuta yakifika kwenye tairi, yafute, maana yanakusanya uchafu na kukata umeme.

Swali: Class 37 yangu ya P4 inaacha reli kwenye mkunjo wa mm 900. Nafasi ya migongo ni 17.75 kila ekseli, njia imenyooka, na ekseli zote sita nimezijaza washa kama mlivyoelekeza siku za nyuma. Inayopanda ni ekseli ya katikati.
— Aliyekwama kwenye mkunjo

Jibu: Kosa ni hizo washa za ekseli ya katikati, na hesabu inaonyesha wazi.

Bogi ya Class 37 ina urefu wa futi 13 na inchi 6 kati ya ekseli ya kwanza na ya mwisho, yaani mm 54. Kwenye mkunjo, katikati ya bogi hutofautiana na mstari wa reli kwa kiasi kinachopatikana hivi: zidisha urefu huo kwa wenyewe, gawanya kwa mara nane ya nusu kipenyo cha mkunjo. 54 mara 54 ni 2,916. Gawanya kwa 7,200. Unapata mm 0.4. Uhuru wa gurudumu la P4 kati ya reli mbili ni 18.83 toa 17.75 toa kingo mbili za mm 0.4, yaani mm 0.28 tu. Kwa hiyo ekseli ya katikati inakosa mm 0.12 za kujisogezea, na gurudumu lake la upande wa ndani wa mkunjo hupanda juu ya reli. Chunguza, bila shaka ndilo unaloliona likipanda.

Toa washa mpaka ekseli ya katikati iwe na mchezo wa mm 0.4 kila upande. Ekseli za mwisho ziache zilivyo. Hakikisha gia ya katikati ni pana kiasi cha kubaki imeshikana na mwenzake hata ekseli ikiwa imesogea pembeni kabisa. Ikiwa nyembamba, tafuta mahali pa kati: mm 0.25 kila upande zinaweza kutosha mkunjo wa 900 zikiambatana na upana wa njia ulioongezwa kidogo mkunjoni. Kwenye mkunjo wa mm 1,200 hesabu ile inatoa mm 0.3, karibu sawa na uhuru uliopo, ndiyo maana wenye nafasi kubwa hawalijui tatizo lako.

Ekseli hiyohiyo inataka pia uhuru wa juu na chini. Ukingo wa P4 una kina cha karatasi nne za kuandikia zilizopangwa pamoja. Bogi ngumu ya magurudumu sita ikipita kwenye kinundu cha mm 0.4, ekseli ya katikati inaweza kuwa kiegemeo na kuziinua za mwisho. Ongeza kina cha viti vya beringi za katikati kwa tupa, mm 0.3 kuelekea juu, si zaidi, kwa sababu gia nazo zinasogea. Ekseli za mwisho ndizo zibebe uzito, ya katikati ifuate tu.

Na kwa kuwa umeshafungua, angalia mzunguko wa bogi. Vitovu vya bogi za Class 37 vimeachana kwa futi 37 na inchi 2, karibu mm 149. Kwenye mkunjo wa 900 bogi inageuka nyuzi 4.7, na ekseli ya mwisho inasogea pembeni mm 2.2. Pande hizo ndipo ngazi za chini ya milango, mabomba ya breki na kingo za bodi zilipo. Geuza bogi kwa mkono hadi mm 2.5 upande wa kushoto, kisha kulia, bodi ikiwa imefungwa. Ikigusa popote, hapo napo ni chanzo cha kuacha reli.

Swali: Baada ya kubadilisha, kichwa kinakwenda kwa kusitasita, mara kinazima kabisa. Mara moja kidhibiti cha dijitali kilikata kwa shoti kwenye mkunjo.
— Mwenye taa zinazopepesa

Jibu: Una magonjwa mawili, usiyatibu kwa dawa moja.

Kusitasita ni vikusanya umeme. Mgongo wa gurudumu umesogea nje mm 1.6 kila upande kwa P4, au mm 1.0 kwa EM, na vile visahani vya shaba vya kiwandani havifiki tena, au vinagusa kwa ncha tu. Kuvikunja nje kunasaidia kwa EM. Kwa P4 ni bora kulehemu waya mpya wa bronzi ya fosfori, unene wa mm 0.3 hadi 0.45, wenye urefu wa angalau mm 12 kutoka pale ulipolehemiwa, ili usukume kwa upole. Ncha iguse tairi. Magurudumu mengi mapya yana moyo wa plastiki na tairi nyembamba, na waya ulioshuka milimita moja tu unasugua plastiki bila kukusanya kitu. Waya ukisukuma kwa nguvu, gurudumu linaburuzwa badala ya kuviringika. Jaribu kabla ya kurudisha gia ya skurubu: sukuma bogi kwenye kioo kwa kidole, kila gurudumu lizunguke.

Tahadhari kwa wale ambao kichwa chao cha kiwandani hupeleka umeme kutoka gurudumu hadi nusu-ekseli, kisha kwenye beringi ya brasi. Ukiweka gurudumu lenye moyo wa plastiki, njia hiyo ya umeme imekatika moja kwa moja, na hakuna kusafisha kutakakoirudisha. Ama ununue seti iliyokusudiwa modeli hiyohiyo, ama uweke vikusanya vipya kwenye tairi.

Shoti ya mkunjoni ni uso wa gurudumu kugusa chuma: kipande cha uzito, skrubu, au fremu ya chuma ya kichwa. Magurudumu yamesogea nje, kwa hiyo kilichokuwa mbali sasa ni jirani. Weka multimita kati ya tairi na uzito wa kichwa, geuza bogi taratibu hadi mwisho wa mzunguko wake, kila upande. Pale inapolia, kwangua au funika kwa tabaka la gundi ya epoksi. Rangi peke yake haitoshi, inachubuka.

Swali: Kuna mlio wa tik-tik-tik unaofuatana na mwendo. Magurudumu ni mapya.
— Mwenye sikio

Jibu: Hesabu milio. Ukiusikia mara moja kwa kila mzunguko wa gurudumu, gia ya ekseli imepasuka kati ya meno mawili. Hutokea kwenye gia za plastiki zilizobonyezwa kwenye ekseli nene kuliko tundu lake: plastiki inabaki imevutwa miaka na mikaka, mwishowe inaachia. Kubadilisha magurudumu huiamsha iliyokuwa tayari na ufa. Haigandishwi. Gundi ikiingia, pengo hubaki pana kuliko meno mengine na mlio unaendelea. Nunua mpya, na kama inaingia kwa nguvu nyingi, panua tundu kwa uangalifu hadi ibonyezeke kwa shinikizo la kawaida la jiliwa, halafu uikaze kwa tone la gundi ya epoksi.

Mlio ukitokea mara nyingi zaidi kuliko mzunguko wa gurudumu, tafuta kwenye gia ndogo za kati: unywele, kipande cha plastiki ulichokwangua kwenye fremu. Hicho cha pili ni cha kawaida sana. Osha bogi nzima kabla ya kuipaka grisi.

Swali: Nafikiria kuanza na Class 08, kichwa kidogo cha kupangia mabehewa. Ni rahisi kwa kuwa kina ekseli tatu tu?
— Mwenye haraka

Jibu: Hapana, ni dizeli ngumu kuliko zote ulizonazo, iache ya mwisho. Magurudumu yake (futi 4 na inchi 6, mm 18) yako ndani ya fremu, lakini mikono na fito za kuunganisha ziko nje, kwenye ncha za ekseli. Maana yake mikono yote sita inang'olewa kabla gurudumu halijatoka, na kila mmoja lazima urudi ukiwa robo mzunguko tofauti na mwenzake wa upande wa pili. Nyuzi 90 kamili si lazima. Lazima ni ekseli zote tatu zilingane. Zikiwa 89 zote, kichwa kinakwenda. Moja ikiwa 88 na nyingine 90, fito zitakwama mara mbili kwa kila mzunguko.

Ukifika hapo, funga kwanza ekseli mbili zenye fito zake, ziviringike bila kukwama, ndipo uongeze ya tatu. Usipanue matundu ya fito ili kuficha kosa la mikono. Kwa P4 pima pia upana wa ndani wa fremu kabla ya kununua chochote: magurudumu yanahitaji mm 21.75 na mchezo wake, na fremu za 08 ndizo mpaka wenyewe. Hazisogezwi kama zile za bogi.

Swali: Viatu vya breki sasa vinaning'inia ndani ya magurudumu, havielekei tairi. Nivikate?
— Mpenda sura

Jibu: Usivikate. Visogeze. Katikati ya gurudumu la OO iko mm 8.65 kutoka mstari wa kati wa kichwa. La EM mm 9.4, la P4 karibu mm 9.9. Kwa hiyo viatu vihame mm 0.75 kwa EM na mm 1.2 kwa P4. Vikate kwenye shina kwa msumeno mwembamba, bandika kipande cha plastiki cha unene huo katikati, ruhusu gundi ikauke usiku mzima. Acha pengo la mm 0.3 hadi 0.5 kati ya kiatu na tairi, na kwenye ekseli ya katikati ya Co-Co (kichwa chenye bogi za ekseli tatu, kama Class 37) acha zaidi kwa sababu inahamahama. Kiatu kikiwa cha chuma, hakikisha cha kushoto na cha kulia havijaunganishwa kwa waya, la sivyo umejitengenezea shoti nyingine.

Nyuso za magurudumu zipakwe rangi ya kijivu cha vumbi la breki au zitiwe weusi kwa dawa, kabla ya kubonyezwa kwenye ekseli. Dawa ya kutia weusi isifike sehemu inayokanyaga reli. Suuza kwa maji mengi, kausha kwa hewa ya joto, maana tairi ya chuma cha pasi iliyobaki na dawa inaota kutu kufikia asubuhi.

Swali: Nikimaliza, kichwa changu cha P4 kitaweza kutembea kwenye njia ya OO ya rafiki yangu?
— Msomaji wa barua fupi

Jibu: Hakitaweza, kwa kuwa magurudumu yameachana zaidi ya reli zenyewe. Weka magurudumu ya zamani, washa na vikusanya vyake kwenye mfuko mmoja wenye jina la kichwa. Ukivikunja vikusanya vya kiwandani badala ya kuving'oa, kurudi OO ni kazi ya jioni moja.